Shajara ya mradi: nguvu ya majani ya Berberis ilikokwenda baada ya kutenganishwa

Februari, mwanzoni. Tunachotafuta

Mradi huu unahusu jani, si mzizi. Mimea ya jenasi Berberis inajulikana kwa mizizi yenye rangi ya njano iliyokolea. Unjano huo ni wa berberini, alkaloidi (kemikali ya mimea yenye nitrojeni) ambayo maabarani hudumaza bakteria wa aina nyingi. Ndiyo maana wachunguzi wengi hukimbilia gome la mzizi, kwenye berberini tele. Majani yana berberini kidogo mno. Hata hivyo, katika majaribio ya awali yaliyotufanya tuandike andiko la mradi, dondoo la majani lilimzuia bakteria Staphylococcus aureus kuliko inavyotarajiwa kwa kiasi hicho kidogo cha berberini. Kuna kingine mle ndani. Tunataka kujua ni kitu gani, kinafanyaje kazi, na kama kinaweza kuwa mwanzo wa dawa.

Sababu ya kuhangaika nacho haihitaji maelezo marefu. Mwaka 2019 inakadiriwa kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na S. aureus ni mmoja wa vinara wa usugu huo.

Niweke wazi jambo ambalo huwa halisemwi tunaposifia mimea. Mimea imetupa mofini, kwinini, vinkristini, paklitakseli na atemisinini. Imetupa dawa za maumivu, malaria na saratani. Lakini antibaiotiki zinazotegemewa wodini karibu zote zimetoka kwenye kuvu na bakteria wa udongo, au zimetengenezwa na wanakemia. Ukiipima molekuli ya mmea peke yake dhidi ya bakteria, mara nyingi unahitaji mamia ya mikrogramu kwa kila mililita ili iwazuie, wakati antibaiotiki nzuri hufanya kazi hiyo kwa mikrogramu chache au chini ya moja. Swali linalonikosesha usingizi ni hili: mmea umezama udongoni, umezungukwa na vijidudu usiku na mchana, hauwezi kukimbia wala hauna seli za kinga zinazozunguka mwilini kama zetu. Unaishije kwa silaha dhaifu hivyo?

Februari, katikati. Malighafi

Majani yamekaushwa kivulini, kwa hewa inayopita, chini ya nyuzi joto 40. Tawi lenye maua limebanwa, limekaushwa na kuwekwa hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, likiwa na namba yake, kwa sababu utafiti wa kemia ya mmea usio na sampuli ya kielelezo hauwezi kurudiwa na mtu mwingine: spishi mbili za Berberis zinaweza kufanana machoni na kutofautiana kabisa kwenye molekuli zake. Kibali cha ukusanyaji na makubaliano ya kugawana manufaa vilikamilika kabla jani la kwanza halijachumwa, kama Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ya viumbe, inavyotaka tangu ilipoanza kutumika mwaka 2014.

Nashukuru tunashughulika na majani. Ukichimba mzizi umeua mmea. Jani huchipua tena. Hydrastis canadensis, mmea mwingine wenye berberini, umechimbwa mizizi kiasi cha kuingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwaka 1997.

Machi, mwanzoni. Dondoo ghafi

Unga wa majani umelowekwa kwenye ethanoli ya asilimia 70, ukatikiswa taratibu, ukachujwa, kisha ethanoli ikavukizwa kwenye chupa inayozunguka chini ya kani-ombwe ili kusiwe na haja ya moto mkali. Kilichobaki ni ugiligili mzito wa kijani kibichi ulioelekea weusi, unaonata kwenye kuta za chupa.

Joto ni jambo la kuliangalia kwa makini. Hadithi ya atemisinini inajulikana na kila mtu wa fani hii: kikundi cha mtafiti wa China Tu Youyou kilikuwa kinapata matokeo yanayoyumba, mpaka mwaka 1971 kilipotumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, badala ya kuchemsha mmea. Daraja la oksijeni mbili lililobeba nguvu yote ya molekuli ile halistahimili mateso. Sisi hatujui bado kilichomo kwenye dondoo letu kinastahimili nini, kwa hiyo tunakichukulia kama chenye udhaifu uleule.

Nikadondosha tone la dondoo kwenye bamba la jeli ya silika, kando ya tone la berberini safi, nikaliacha bamba lipande kiyeyushi. Kwa macho ya kawaida unaona klorofili tu, utepe wa kijani ukiwa juu. Ukizima taa na kuwasha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 366, bamba linabadilika kabisa: klorofili inang'aa nyekundu, flavonoidi (kundi lingine la kemikali za mimea) zinajitokeza kwa vivuli vya samawati na giza, na chini kabisa, karibu na mstari wa kuanzia, kuna utepe mwembamba wa njano unaolingana na ule wa berberini safi. Mwembamba sana. Nilipopuliza kitendanishi cha Dragendorff, kinachoonyesha alkaloidi, utepe huo ukageuka rangi ya chungwa, kama alkaloidi inavyopaswa. Berberini ipo, na ni haba.

Machi, mwishoni. Mgawanyo wa kwanza

Njia ya kawaida katika kazi hii ni kuligawa dondoo, kupima kila sehemu, kuichukua yenye nguvu, kuigawa tena, na kuendelea hivyo mpaka ubaki na molekuli moja. Ni urithi wa Friedrich Sertürner aliyeitoa mofini kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na wa Pelletier na Caventou walioitoa kwinini kwenye gome la sinkona mwaka 1820. Kila hatua nguvu inapaswa kuongezeka kwa kila gramu, kwa sababu unatupa mizigo na kubaki na kiini.

Tukaligawa dondoo kati ya maji na viyeyushi vinavyofuatana: heksani kwanza, halafu kloroformu, halafu ethili asetati. Klorofili na mafuta vikaondoka na heksani. Berberini, ambayo ina chaji chanya ya kudumu, ikabaki kwenye maji kama ilivyotarajiwa. Flavonoidi zisizo na sukari zikahamia kwenye kloroformu na ethili asetati.

Kisha kipimo. Sahani ya visima 96, kiasi kikipunguzwa nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, bakteria wakiongezwa, usiku mzima kwenye inkubeta ya nyuzi 37, na asubuhi resazurini. Rangi hii ni ya buluu. Bakteria walio hai huigeuza kuwa ya waridi.

Safu ya dondoo ghafi ilibaki buluu visima kadhaa, kama zamani. Sehemu ya heksani: waridi. Kloroformu: waridi mpaka kwenye kiwango cha juu kabisa. Ethili asetati: waridi. Maji, yenye berberini yote: buluu kwenye kisima cha kwanza tu. Nguvu iliyokuwa kwenye dondoo zima haikuwa kwenye sehemu yoyote.

Aprili, mwanzoni. Kabla ya kufurahi

Maabara nyingi hapa ndipo mmea hufungiwa faili. Nguvu imepotea, hakuna cha kufuata, tuchukue mmea mwingine. Naelewa kwa nini: muda wa mashine ni ghali na orodha ya mimea ni ndefu. Lakini naamini tabia hiyo imetupotezea mengi, na ndiyo kiini cha mradi huu.

Nguvu inaweza kupotea kwa njia tatu za kawaida. Molekuli imeharibika njiani. Au imenasa kwenye silika, kwenye chujio au kwenye kuta za chupa. Au haikuwa nguvu halisi hata kidogo: tanini hushikamana na protini yoyote ile na kuonyesha matokeo mazuri kwenye karibu kila kipimo, kisha zikiondolewa matokeo yanayeyuka.

Tanini tulizipima mapema kwa kuzinasa na poliamidi. Dondoo lisilo na tanini lilibaki na nguvu yake. Uzito wa sehemu zote ukijumlishwa unakaribia sana uzito wa dondoo tulilogawa, kwa hiyo hakuna kikubwa kilichonasa. Ikabaki kujua kama kitu kimeharibika, na jaribio lake ni rahisi kiasi kwamba sielewi kwa nini halifanywi kila mara: rudisha sehemu zote pamoja, kwa uwiano uleule zilivyotoka, upime tena.

Safu ya mchanganyiko ikabaki buluu, sawa na dondoo ghafi.

Hakuna kilichoharibika. Nguvu ilikuwa haimo ndani ya molekuli moja. Tukaanza kuziunganisha sehemu mbili mbili. Maji na heksani, hakuna kitu. Maji na ethili asetati, nguvu kidogo. Maji na kloroformu, buluu karibu yote. Mgawanyo wetu wa kwanza ulikuwa umeupeleka ushirikiano huo kwenye chupa mbili tofauti: berberini upande mmoja, mshirika wake upande mwingine, na mshirika akiwa peke yake hazuii bakteria hata mmoja.

Aprili, mwishoni. Pampu

Utando wa S. aureus una protini iitwayo NorA, ambayo kazi yake ni kushika vitu vigeni vilivyoingia na kuvitoa nje kabla havijadhuru. Haichagui sana. Molekuli yenye chaji chanya na upande unaopenda mafuta ni mawindo yake, na berberini ni hivyo hasa. Siprofloksasini nayo hutolewa na pampu hiyohiyo. Bakteria huifua berberini kama baharia anavyofua maji chomboni, na ilimradi kasi ya kufua inashinda kasi ya kuvuja, chombo hakizami.

Hili halikuanza nasi. Mwaka 2000 watafiti Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao walionyesha kwamba majani ya baadhi ya Berberis yana molekuli iitwayo 5′-methoksihidnokapini, ambayo haiui bakteria lakini huizuia NorA, na berberini ikiwa nayo huwa kali mara nyingi zaidi. Mimi nauona ugunduzi huo kuwa jibu la swali langu la Februari. Silaha ya mmea ni dhaifu tukiipima peke yake kwa sababu mmea wenyewe hauitumii peke yake. Kinachobaki kujua ni kama spishi yetu ina molekuli ileile, ina jamaa yake, au ina kitu kipya.

Mei. Vipimo vya pamoja

Kipimo cha ubao wa dama: berberini inapungua kutoka kushoto kwenda kulia, sehemu ya kloroformu inapungua kutoka juu kwenda chini, kila kisima kina mchanganyiko wake. Kwa kukokotoa unapata namba inayolinganisha kiasi kinachohitajika vikiwa pamoja na kinachohitajika kila kimoja kikiwa peke yake. Ikiwa 0.5 au chini yake, vinasaidiana kweli. Yetu iko chini ya hapo, na imerudi hivyo kila tuliporudia.

Kama kilinganishi tunatumia rezerpini, alkaloidi ya Rauvolfia serpentina iliyotengwa mwaka 1952 na kutumika kwa shinikizo la damu. Inaizuia NorA vizuri. Lakini kiasi kinachohitajika kuizuia ni kikubwa kuliko mwili wa mtu unavyoweza kuvumilia, na hapo ndipo vizuizi vingi vya pampu vimeishia.

Kwa yeyote atakayerudia kazi hii: unjano wa berberini huingilia usomaji wa ukungu kwenye mashine, na mng'ao wake huingilia usomaji wa resazurini. Tunalinganisha kila sahani na visima vyenye berberini bila bakteria, na visima vya mpakani tunavipanda kwenye agari na kuhesabu makoloni. Kazi inaongezeka, ila namba zinaaminika.

Jaribio nililolisubiri kwa hamu ni la aina ya S. aureus ambayo jeni ya NorA imeondolewa. Kama sehemu ya kloroformu inafanya kazi kwa kuziba pampu, basi kwa bakteria asiye na pampu haipaswi kuongeza kitu. Na ndivyo ilivyo, karibu kabisa. Kwa bakteria huyo berberini tupu ina nguvu zaidi tangu mwanzo, na sehemu ya kloroformu inaongeza kidogo sana. Kidogo hicho huenda ni cha pampu nyingine, maana NorA haiko peke yake. Upande wa pili, kwa aina ya SA-1199B inayotengeneza NorA kupita kiasi, tofauti ni kubwa zaidi kuliko kwa bakteria wa kawaida.

Tena kuna uthibitisho unaoonekana kwa macho. Berberini hung'aa kwa nguvu zaidi inapojibandika kwenye DNA. Tukiwaweka bakteria kwenye berberini peke yake, mng'ao unapanda kidogo na kutulia. Tukiongeza sehemu ya kloroformu, mstari kwenye skrini unaanza kupanda ndani ya dakika chache na kuendelea kupanda. Berberini inaingia na haitoki. Mwenzangu wa upande wa mikrobiolojia aliitisha wanafunzi wote waje waone.

Juni, mwanzoni. Mshirika ni nani

Sehemu ya kloroformu imepitishwa kwenye safu ya silika, kisha kwenye kromatografia ya shinikizo kubwa. Kila chupa inapimwa ikiwa pamoja na kiasi cha berberini ambacho peke yake hakizuii kitu. Bila berberini hiyo chupa zote zingeonekana tupu, na hilo ndilo badiliko dogo la utaratibu ninalotamani kila maabara ya mimea ilifikirie.

Nguvu imejikusanya kwenye chupa chache zinazofuatana. Spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, inaonyesha kilele kikuu kwenye 495.13, hali ya chaji chanya. Fomula inayolingana ni C26H22O10 pamoja na protoni moja, na hiyo ndiyo ya 5′-methoksihidnokapini. Ni flavonolignani: flavonoidi iliyofungamana na kipande kinachofanana na matofali ya lignini, kitu kinachoupa mti ugumu. Ni ukoo mmoja na silibini ya Silybum marianum.

Ndiyo, ni molekuli inayojulikana. Baadhi ya wenzangu walivunjika moyo; mimi sikuvunjika. Kuitambua mapema molekuli iliyokwisha kuelezwa kumetuokoa na miezi ya kuisafisha na kuichora upya, na kumethibitisha kwamba njia yetu inafika inakopaswa kufika. Isitoshe, kando yake kuna kilele kidogo chenye masi isiyolingana na chochote tulichokikuta kwenye hifadhidata za GNPS na COCONUT, na chupa yenye kilele hicho kwa wingi ina nguvu kuliko jirani zake.

Tahadhari tunayoizingatia: flavonoidi ni familia inayodanganya vipimo. Kuesetini, na hata kurkumini isiyo flavonoidi, zimeonekana kufanya kazi kwenye vipimo vingi kupita kawaida, na tangu Jonathan Baell na Georgina Holloway walipochapisha mwaka 2010 maumbo ya kemikali yanayosumbua vipimo kwa namna hiyo, hakuna kisingizio cha kutozipima mara mbili. Kwetu, bakteria asiye na NorA ndiye shahidi mkuu. Molekuli inayovuruga kila kitu ingemvuruga na yeye.

Juni, mwishoni. Maswali ya dawa

Kupatikana kwa jozi inayofanya kazi kwenye sahani si kupatikana kwa dawa, na nimekwisha kuulizwa mara kadhaa kama watu waanze kutumia majani haya. Hapana. Berberini haifai kwa wajawazito wala watoto wachanga, kwa sababu huiondoa bilirubini, rangi ya njano ya damu, kwenye albumini, protini inayoibeba, na inaweza kuzidisha manjano ya mtoto kufikia kiwango cha kudhuru ubongo. Vilevile huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyoshughulikia dawa nyingine. Kuwa ya mmea hakuifanyi kuwa salama.

Tena ikimezwa, chini ya asilimia moja ndiyo huingia kwenye damu, na sehemu ya sababu ni pampu ya utumbo wetu wenyewe, P-glikoprotini, inayoirudisha ilikotoka. Hapo jambo zuri linaweza kugeuka hatari: mshirika anayeziba pampu ya bakteria akiziba na ya mtu, dawa nyingine anazotumia mgonjwa zitapanda mwilini bila mpango. Kipimo hicho kimo kwenye ratiba na hatutakiruka.

Kwa haya yote, naona njia fupi zaidi ni ya dawa ya kupaka kwenye jeraha lililoambukizwa, ambako unyonywaji mdogo ni faida. Njia ndefu ni kumtoa mshirika kwa berberini na kumpa siprofloksasini, ambayo NorA huitoa pia. Mfano wa kuigwa upo: asidi ya klavulaniki peke yake ni dhaifu sana dhidi ya bakteria, lakini inakilinda kiini cha amoksisilini dhidi ya kimeng'enya kinachoiharibu, na jozi hiyo imekuwa ikitibu watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa pampu, bado hakuna kizuizi kilichofika kwa mgonjwa wa maambukizi ya bakteria. Nafasi iko wazi.

Julai. Tulipofika

Seli za mamalia zimeanza kupimwa kwa MTT, kipimo cha uhai wa seli. Tunataka kiasi kinachozidhuru kiwe angalau mara kumi ya kile kinachoziba pampu. Chini ya hapo hatuendelei na molekuli hiyo kama ilivyo, tutawaomba wanakemia waibadilishe.

5′-methoksihidnokapini imepatikana ya kutosha kwa NMR, kipimo kinachoonyesha umbo la molekuli. Molekuli ya kilele kidogo bado haitoshi. Ili kupata miligramu chache safi tunahitaji majani mengi zaidi, na mavuno mapya yatachumwa kwenye vichaka vilevile vilivyowekewa kielelezo, bila kuzidi theluthi ya majani ya kila kichaka.

Pamoja na hayo tumefungua upya kabati la madondoo ya mimea mingine ambayo zamani yaliandikwa kuwa nguvu yake ilipotea baada ya kugawanywa. Sehemu zake bado zimo kwenye friza, zikiwa na uzito ulioandikwa kwenye kila chupa, kwa hiyo uwiano wa kuzirudisha pamoja unajulikana. Sahani ya kwanza inaingia inkubeta Jumatatu.